Uzi: Mkia wa samaki sokoni unasema aliogelea vipi

#1 Maalim_Mkomani (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum nyote. Mimi nafundisha fizikia hapa Mombasa, na kuna jambo linanikera darasani. Vitabu vinaeleza nguvu na mwendo kwa mifano ya magari na mipira, na mtoto wa pwani anamaliza shule bila mtu kumwambia kuwa mfano bora kuliko yote umelala juu ya meza za samaki Mji wa Kale kila asubuhi.

Ukifika sokoni, ukishakagua macho na matamvua, angalia mikia. Mkia wa jodari au nguru una umbo la hilali: mwembamba, mgumu, ncha moja juu na nyingine chini, na pale unaposhikana na mwili pamekonda kiasi cha kushikika kwa vidole. Mkia wa tewa ni mpana na wa mviringo. Mkunga hana mkia wa kujitenga kabisa, mwili wote unaishia kwenye utepe mmoja.

Pima urefu wa mkia kutoka ncha ya juu hadi ya chini, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa eneo la mkia. Tewa atakupa namba kati ya 1 na 2. Jodari atakupa 5, 6 au zaidi. Namba hiyo moja inakueleza mengi juu ya maisha ya samaki huyo.

Sababu ni hii. Mkia wa jodari ni bawa, kwa maana ileile ya bawa la ndege. Unakata maji kwa ubavu, kulia na kushoto, na kwa kuwa umeinama kwa pembe ndogo, nguvu inayozaliwa juu yake ina sehemu inayoelekea mbele. Bawa refu na jembamba hupoteza nishati kidogo kwenye ncha zake, kwa hiyo linamfaa anayesafiri mchana na usiku bila kusimama. Tewa hasafiri. Yeye anakaa pangoni na kungoja, kisha anachomoka mara moja. Anahitaji kushika maji mengi kwa pigo moja, na mkia mpana ndio unaofanya hivyo.

Sasa maji yenyewe. Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa mara 800 na ushei, na hayashikiki. Ili uende mbele ni lazima uyatupe maji nyuma. Newton hana njia nyingine. Kila mkia unapofika mwisho wa pigo na kugeuka, unaachia kizunguko cha maji. Pigo la kulia linaacha kimoja, la kushoto linaacha kingine kinachozunguka kinyume chake, na vinapangika nyuma ya samaki safu mbili. Theodore von Kármán alieleza safu za namna hii nyuma ya nguzo iliyosimama kwenye mkondo. Nyuma ya nguzo vizunguko vinazunguka kwa upande unaoburuta maji kuifuata nguzo, na huo ndio ukinzani. Nyuma ya samaki vinazunguka kinyume, na katikati ya safu mbili unapita mkondo mwembamba wa maji yanayorushwa nyuma. Huo ndio msukumo.

Kuna hesabu fupi naipenda sana. Chukua idadi ya mapigo kamili ya mkia kwa sekunde, yaani kwenda na kurudi vihesabiwe pamoja kuwa moja, zidisha kwa upana wa pigo kutoka kulia hadi kushoto, gawa kwa kasi ya samaki. Inaitwa namba ya Strouhal. Samaki wa sentimita 50 hupunga mkia upana wa sentimita 10 hivi, kwa kuwa wengi hupunga karibu moja ya tano ya urefu wao. Akipiga mara 3 kwa sekunde na kwenda mita 1 kwa sekunde, jibu ni 0.3. Mwaka 1993 Triantafyllou na wenzake Marekani walionyesha kuwa msukumo huzalishwa kwa ufanisi zaidi namba hii ikiwa kati ya 0.2 na 0.4 hivi. Mwaka 2003 watafiti wengine wakakuta hata ndege na popo wanaruka humohumo. Viumbe ambao ukoo wao uliachana mamilioni ya miaka iliyopita wamekutana kwenye namba moja, kwa sababu maji na hewa vinafuata sheria zilezile.

Ulizeni, nitajibu ninavyoweza.

#2 Nahodha_Mtongwe

Wa aleikum salaam maalim. Hayo ya mkia wa nguru ni kweli, na mimi naongeza: pale palipokonda pana kingo mbili ngumu ubavuni, ukipitisha kidole utazisikia. Twaziona siku zote tunapomsafisha. Ni za nini?

Pili, sulisuli. Wageni tunaowapeleka kuvua wanasema yuwaenda kilomita 110 kwa saa. Mimi nimemwona akiukimbiza mshipi hata gurudumu likalia, lakini 110 ni nyingi. Injini yangu haifiki nusu ya hapo.

#3 Maalim_Mkomani

Ami Nahodha, umenipa maswali mazuri.

Zile kingo zinafanya kazi mbili. Mkia unapopiga kwa ubavu, shina lake nalo linakwenda ubavu, na likiwa bapa lingesukuma maji bure. Kukonda kwake juu na chini, pamoja na zile kingo zinazokata maji, kunapunguza upotevu huo. Ndani yake vilevile pameimarishwa mahali zinapopita kano kubwa zinazovuta mkia. James Lighthill alionyesha mwaka 1960 kwa hesabu kwamba kwa samaki mrefu mwembamba, msukumo unategemea zaidi kinachotokea kwenye ukingo wa mwisho wa mkia. Sehemu ya kabla yake, ikitikisika sana, inamyumbisha samaki kichwa bila faida.

Kuhusu sulisuli, shaka yako iko mahali pake. Ile 110 ilitokana na kuhesabu mshipi ulivyotoka kwenye gurudumu la mvuvi, na mshipi unaweza kutoka haraka wakati samaki anaruka hewani au mshipi wenyewe umepinda majini. Makadirio yaliyochapishwa 2016, kutokana na kasi ya misuli yake kukaza, yalitoa mita 8 na kitu kwa sekunde, yaani kilomita 30 hivi kwa saa.

Tena kuna ukuta. Bawa likikata maji kwa kasi sana, shinikizo upande mmoja linashuka hadi maji yanageuka mvuke papo hapo, viputo vinazaliwa na kupasuka kwa nguvu. Wewe umeona rafadha za shaba zinavyotobokatoboka. Hiyo ndiyo kazi yake. Karibu na uso wa bahari, hali hiyo inatarajiwa kwenye mapezi ya samaki kati ya mita 10 na 15 kwa sekunde. Shaba inastahimili kwa muda. Pezi ni nyama na mfupa.

Halafu gharama. Ukinzani huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, na nguvu inayotakiwa kwa kipeo cha tatu. Kasi mara 2, nguvu mara 8. Kutoka 30 kwenda 110 ungehitaji nguvu karibu mara 50.

#4 Mama_Kibokoni

Mwanangu, mimi nauza samaki na kupika. Ile nyama nyeusi ya jodari iliyo katikati, karibu na mfupa, wateja hawaitaki. Vibua nao wana nyama nyeusi lakini yao iko nje, chini ya ngozi. Kwa nini haikai mahali pamoja?

#5 Maalim_Mkomani

Mama, swali hili wataalamu wamelifanyia kazi miaka mingi, na wewe umelifikia kwa kisu chako.

Nyama nyekundu iliyokolea ni misuli ya safari. Ina damu nyingi, inatumia oksijeni, haichoki. Nyama nyeupe, ambayo ndiyo nyingi, ni misuli ya kushtuka: inatoa nguvu kubwa kwa muda mfupi kisha inahitaji kupumzika. Kibua anapoogelea polepole anatumia ule ukanda wa nje tu. Kwa kuwa uko ubavuni, ukikaza unaupinda mwili papo hapo, na wimbi linasafiri kutoka mbele kwenda nyuma. James Gray wa Cambridge alipiga picha za mikunga na samaki wengine mwaka 1933 akaonyesha kuwa wimbi hilo hurudi nyuma kwa kasi kuliko samaki anavyokwenda mbele. Vikilingana, msukumo unakwisha.

Jodari ameipeleka nyama ya safari ndani na mbele zaidi. Haipindi mwili mahali ilipo. Inavuta kano ndefu zinazofika mkiani. Mwili unabaki umenyooka na kupenya maji kwa ukinzani mdogo, mkia peke yake ndio unaopiga. Tena kwa kukaa ndani, misuli hiyo haipotezi joto. Mishipa ya damu imepangwa bega kwa bega, damu moto inayotoka inaipasha damu baridi inayoingia, na jodari anakuwa na misuli yenye joto kuliko bahari inayomzunguka. Misuli yenye joto hukaza haraka zaidi.

Waambie wateja kwamba ile nyeusi ndiyo iliyomfikisha.

#6 Mwanafunzi_Changamwe

Shikamoo maalim. Mimi sioni haja ya habari za mabawa. Si samaki anasukuma maji nyuma tu kama mtu apigavyo kafi? Mbona tufanye ngumu?

#7 Maalim_Mkomani

Marahaba. Wapo wanaopiga kafi kweli, na tofauti unaweza kuiona mwenyewe ukivaa miwani ya kuzamia ndani ya mwamba wa Nyali au Bamburi.

Tazama mapezi ya kifuani. Kuna samaki anayeyapeleka mbele na nyuma: akirudisha nyuma ameyatandaza, akipeleka mbele ameyalaza yasikamate maji. Hiyo ni kafi. Inafaa kwa kuondoka, kusimama na kugeuka. Kasoro yake ni kwamba nusu ya muda pezi halisukumi, na kadiri samaki anavyoenda kasi ndivyo pezi linavyoshindwa kuyapita maji.

Sasa mtazame pono. Mkia ameutuliza, mapezi yake ya kifuani yanakwenda juu na chini, naye anateleza. Hilo ni bawa, na linatoa msukumo likipanda na likishuka. Walker na Westneat walilinganisha njia hizi mbili mwaka 2000 wakaona kupiga bawa kuna ufanisi zaidi katika kila kasi waliyoijaribu. Ndiyo maana samaki wenye mapezi marefu yenye ncha wanaonekana sana pale mawimbi yanapovunjikia, na wenye mapezi ya mviringo wamejaa kwenye maji yaliyotulia. Kasa naye ni wa bawa.

#8 Binti_wa_Nyali

Maalim, mimi nazamia na nina maswali ya konyeza na ya vijidudu. Konyeza hana mfupa, hana pezi, mwili maji matupu, na bado anakwenda. Halafu ukiwasha tochi usiku unaona vijisamaki vya milimita chache vinakwenda kwa mishtuko, tik tik, havitelezi hata kidogo. Kwa nini?

#9 Maalim_Mkomani

Dada, hapa ndipo penye utamu wa somo zima, uniruhusu nikae kidogo.

Maji yana tabia mbili zinazoshindana. Moja ni uzito wake: yakishaanza kwenda yanataka kuendelea. Nyingine ni mnato: tabaka moja linalivuta jingine. Nani anashinda inategemea ukubwa wako na kasi yako. Osborne Reynolds alilionyesha jambo hili Manchester mwaka 1883 kwa rangi ndani ya bomba la kioo. Namba inayobeba jina lake ni kasi mara urefu, gawa kwa mnato wa maji, ambao kwa vipimo vya mita na sekunde ni kama moja ya milioni.

Jodari wa mita 1 anayekwenda mita 2 kwa sekunde: milioni 2. Kwake mnato ni ngozi nyembamba tu iliyomgusa mwilini, na akiacha kupiga mkia anaendelea kuteleza. Kijisamaki chako cha milimita 4 kinachokwenda sentimita 1 kwa sekunde: 40. Kwake bahari ya Nyali ni sufuria la shira ya kaimati. Akiacha kupiga, amesimama. Ndiyo ile tik tik yako. Mtoto wa jodari anaanza maisha katika bahari moja kisha anakulia katika nyingine bila kuhama mahali, na umbo lake linabadilika kuufuata ukweli huo.

Shuka zaidi hadi bakteria. Namba yake iko chini ya moja ya elfu kumi. Edward Purcell, katika mhadhara wa mwaka 1976, alieleza kuwa bakteria akiacha kuogelea husimama ndani ya umbali mdogo kuliko atomu moja. Katika dunia hiyo, kufungua na kufunga kama kombe lenye bawaba moja hakukupeleki popote: utakachopata ukifunga utakirudisha ukifungua, hata ukifunga haraka na kufungua polepole. Ndiyo maana bakteria wengi wana mkia wa mzingo unaozunguka mfululizo. Mzunguko hauna kwenda na kurudi.

Konyeza yuko upande wa wakubwa. Akibana mwavuli wake anaachia pete ya maji inayozunguka na kwenda nyuma. Lakini uchunguzi wa 2013 ulionyesha jambo jingine: anapoachia na mwavuli kufunguka wenyewe bila misuli kufanya kazi, pete ya pili inajikunja chini ya mwili wake na kumsukuma tena. Pigo moja linampeleka karibu asilimia 30 zaidi, bure. Kwa nishati anayotumia kusafirisha kila kilo ya mwili wake, ni miongoni mwa waogeleaji wenye matumizi madogo kabisa. Nikimwona konyeza namheshimu kuliko sulisuli.

#10 Nahodha_Mtongwe

Maalim, jambo jingine. Maji yakitoka kwa nguvu siku za bamvua, chini ya daraja la Nyali samaki hukaa nyuma ya nguzo. Wamesimama palepale, mkondo wapita, nao hawaonekani kuchoka. Twajua kutupa ndoana pale. Ni kivuli cha mkondo tu?

#11 Maalim_Mkomani

Ami, karibu sana na nguzo ni kivuli. Nyuma kidogo ya hapo ni zaidi ya kivuli, na hili ndilo linalonisisimua kuliko yote niliyoyasoma.

Nguzo inaachia vile vizunguko vya Kármán, kimoja kushoto, kimoja kulia. Mwaka 2003 Liao na wenzake Marekani waliweka samaki aina ya trauti kwenye maji yanayokwenda, nyuma ya nguzo, wakapachika nyaya nyembamba kwenye misuli yake. Samaki alilegeza mwili na kupita kati ya vizunguko, akiyumba kwa mapigo ya nguzo badala ya mapigo yake. Misuli iliyofanya kazi ilikuwa ya mbele tu, tena kidogo. Kila kizunguko kina maji yanayokwenda kinyume na mkondo kwa upande mmoja, na samaki aliyeinama kwa pembe sahihi anavuna nguvu humo.

Mwaka 2006 wakaweka trauti aliyekufa. Mzoga laini, ukiwa mahali sahihi nyuma ya nguzo, ulijipindapinda kwa vizunguko na kusogea mbele, kuelekea nguzo, dhidi ya mkondo. Hakuna uhai, hakuna misuli. Umbo na ulaini wa mwili vilitosha.

Wale wa darajani, basi, huenda wanakula nguvu ya bamvua yenyewe.

#12 Mwanafunzi_Changamwe

Maalim, na pomboo? Nilisoma kuwa kuna kitendawili, kwamba hana misuli ya kutosha kwenda anavyokwenda.

#13 Maalim_Mkomani

Kitendawili hicho ni cha yuleyule Gray, mwaka 1936, na kilianzia bahari yetu. Alitumia taarifa ya pomboo katika Bahari ya Hindi aliyeipita meli kutoka shetri hadi omo kwa sekunde 7, yaani mita 10 hivi kwa sekunde. Gray akakokotoa ukinzani, akaona misuli ingehitaji kutoa nguvu mara 7 ya ile aliyoidhani. Watu wakaanza kutafuta siri kwenye ngozi.

Jibu lilikuwa rahisi zaidi. Vipimo vya misuli alivyotumia vilitoka kwa wanadamu wapiga makasia na mbwa wanaofanya kazi kwa dakika kadhaa, ilhali pomboo yule alikimbia kwa sekunde chache tu. Tena anayekwenda ubavuni mwa meli anaweza kusukumwa na mawimbi yake. Mwaka 2014 Frank Fish na wenzake walipiga picha za maji yenye viputo nyuma ya pomboo hai, wakapima vizunguko, na nguvu ikatosha bila siri yoyote.

Ngozi yenye maajabu ya kweli ni ya papa. Ukiipapasa kuelekea mkiani ni laini, kuelekea kichwani inakwaruza, kwa sababu imejaa vijino vidogo. Zamani ilidhaniwa kazi yake ni kupunguza msuguano tu. Jaribio la Oeffner na Lauder la 2012 lilikuta ubapa laini uliovikwa ngozi halisi ya papa ukiogelea kwa kasi zaidi kwa asilimia 12 hivi kuliko ngozi ileile ikishakwanguliwa vijino. Waliona pia vijino vikibadilisha kizunguko kinachoshika ukingo wa mbele, jambo linaloashiria kwamba vinaongeza msukumo.

#14 Binti_wa_Nyali

Na mbona pomboo na nyangumi wanapiga mkia juu na chini, papa kulia na kushoto?

#15 Maalim_Mkomani

Nasaba, dada. Mababu wa pomboo walikuwa wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne, na mnyama akikimbia kwa kasi uti wa mgongo wake hukunjuka juu na chini. Walipoingia majini waliingia na uti huohuo. Nguva vivyo hivyo. Maji hayajali upande, vizunguko ni vilevile, vimelazwa tu.

#16 Nahodha_Mtongwe

Hesabu ile ya Strouhal nataka tuipime kwa mkizi. Huingia hapa Mtongwe maji yakijaa, wengi, karibu na gati. Vijana wa simu waje.

#17 Maalim_Mkomani

Tutakuja inshallah, Ami, na Mwanafunzi_Changamwe naye aje. Mambo matatu ya kuzingatia. Simu ishikwe juu ya maji, iangalie chini moja kwa moja, kwa sababu pembe inapotosha urefu. Mpige picha za mwendo wa polepole, kwani mkizi mdogo anapiga haraka kuliko jicho. Na chagueni wakati maji yamesimama, baada ya kujaa na kabla hayajaanza kutoka, la sivyo kasi mtakayopima ni ya samaki na mkondo kwa pamoja.

Kipimo cha urefu si lazima. Mkitumia urefu wa samaki mwenyewe kama kipimo, hesabu inajifuta: upana wa pigo kwa urefu wa mwili, gawa kwa umbali aliokwenda kwa pigo moja kamili, kwenda na kurudi, nao kwa urefu wa mwili. Nitaleta karatasi ya grafu.

#18 Mama_Kibokoni

Mkimaliza kupima, hao mkizi mniletee.